Jina Lisilopata Namba: Kutafuta Kasoro za Majina ya Intaneti katika Kompyuta ya Linux

Kompyuta imewashwa, taa za ruta zinawaka kama kawaida, na chombo chenyewe kinaonyesha kuwa kimeungwa na mtandao. Lakini kila ukurasa unaoombwa haufunguki. Hali hii huwafika watu wengi watumiao mfumo wa Linux nyumbani, na mara nyingi tiba inayotolewa ndiyo inayoleta hasara. Fundi asiye na subira hufuta kila kilichomo na kuuweka mfumo upya. Mwalimu aliyekuwa ametunza humo maksi za muhula mzima, bila ya nakala nyingine, huzipoteza zote kwa sababu ya kasoro ambayo pengine ilikuwa ya mstari mmoja tu.

Ili kuielewa kasoro hiyo, yafaa kukumbuka kwamba kompyuta hazijuani kwa majina. Kila iliyo katika intaneti hufikiwa kwa namba, na habari zote husafirishwa kwa namba hizo. Majina kama vile www.necta.go.tz yamewekwa kwa ajili ya binadamu, ambaye hukumbuka neno kwa urahisi zaidi kuliko tarakimu. Kwa hiyo kila jina linapoandikwa, lazima kwanza litafutiwe namba yake, kama ilivyokuwa katika kitabu cha simu.

Hapo mwanzo kitabu hicho kilikuwa faili moja tu. Katika mtandao wa ARPANET wa Marekani, ulioanza mwaka 1969, orodha ya majina yote ilitunzwa na taasisi ya utafiti ya SRI huko Menlo Park, California, na kila kituo kilichukua nakala yake hapo. Vituo vilipozidi kuongezeka, orodha moja haikutosheleza tena. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Southern California, alibuni utaratibu wa kuigawa kazi hiyo. Seva za mzizi hazijui majina yote. Zinajua tu ni seva zipi zinazotunza majina yaishiayo kwa.tz, au .ke, na hizo nazo humwelekeza muulizaji mbele, hatua kwa hatua, hadi amfikie mwenye jina. Utaratibu huo ndio utumikao hata leo. Faili la kale nalo halikufa. Limo katika kila kompyuta ya Linux kwa jina la /etc/hosts, na kwa kawaida ndilo linaloangaliwa kwanza. Mtu aliyeandika humo namba ya seva fulani zamani, kisha akasahau, aweza kuhangaika siku nzima baada ya seva hiyo kupewa namba nyingine.

Kompyuta ya nyumbani haiendi yenyewe kwenye mzizi. Huiuliza seva moja ya majina, nayo seva hiyo huifanyia safari yote. Namba ya seva hiyo hutolewa na ruta, na mahali pake pa kuandikwa ni faili liitwalo /etc/resolv.conf.

Uchunguzi, basi, huanza kwa kutenganisha njia na majina. Amri ping 1.1.1.1 hupeleka ujumbe mdogo kwa namba tupu, pasipo jina lolote. Majibu yakirudi, njia ni nzima na lawama ni ya majina. Yasiporudi, huenda njia yenyewe imekatika (ingawa ipo mitandao inayozuia amri hiyo kwa makusudi), na hapo hakuna faili la kurekebishwa. Ndivyo ilivyokuwa Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani.

Njia ikiwa nzima, jina moja huulizwa kwa namna mbili. Amri getent hosts www.necta.go.tz hufuata mpangilio wote wa kompyuta, faili la kale likiwemo. Amri dig @1.1.1.1 www.necta.go.tz huuruka mpangilio huo na kuiuliza seva ya nje moja kwa moja. Ya pili ikijibu na ya kwanza ikashindwa, kasoro imo nyumbani. Aidha, jibu la dig lenyewe lastahili kusomwa kwa makini, jambo ambalo wengi hulipuuza. NXDOMAIN maana yake ni kwamba jina halipo, na pengine limeandikwa vibaya. SERVFAIL maana yake ni kwamba seva ilijaribu ikashindwa. Kimya maana yake ni kwamba seva haikufikiwa. Tarehe 4 Oktoba 2021 seva za majina za Facebook hazikufikika kwa muda wa saa sita hivi, na duniani kote walioziulizia walipata SERVFAIL; hakuna aliyeweza kulitengeneza jambo hilo nyumbani kwake.

Faili la resolv.conf lina vituko vyake. Huzingatia seva tatu tu, na kwa kawaida kila moja hungojewa sekunde 5. Kurasa zinazofunguka, lakini baada ya kusubiri kwa namna ile ile kila mara, huashiria kwamba seva ya kwanza katika orodha imekufa. Wengine hulisahihisha faili kwa mkono, wakafurahi, kisha kesho yake wakakuta masahihisho yamefutika. Sababu ni kwamba programu kama NetworkManager huliandika upya. Aghalabu mistari ya juu ya faili hueleza ni programu gani, na marekebisho yapaswa kufanywa humo. Namba 127.0.0.53 nayo si kosa. Ni kompyuta inajiuliza yenyewe, na amri resolvectl status huonyesha seva halisi zilizo nyuma yake.

Iko kasoro moja ambayo wachache huishuku, nayo ni saa. Tangu mwaka 2010 majibu ya seva za mzizi hutiwa sahihi za kidijiti, na kila sahihi ina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya saa imekwisha huweza kuamka ikidhani kuwa ni miaka kadhaa iliyopita. Ikiwa ina programu ya kuhakiki sahihi, kama Unbound, itaona kuwa sahihi zote bado hazijaanza kutumika, na itayakataa majibu yaliyo sahihi kabisa. Ubaya ni kwamba programu ya kurekebisha saa nayo kwa kawaida huitafuta seva ya wakati kwa jina: saa yahitaji jina, na jina lahitaji saa. Dalili yake ni kwamba dig hupata SERVFAIL, lakini ikiongezewa neno +cd, linaloomba uhakiki usifanywe, hupata namba mara moja. Hapo amri date itaonyesha mwaka wa uongo. Saa ikisharekebishwa kwa mkono majina hurudi, nayo betri, ambayo mara nyingi ni ile ya mviringo iitwayo CR2032, haina budi kubadilishwa kabla umeme haujakatika tena.