Mafuta Yasafiriyo Katika Tope

Mvua za masika zianzapo kunyesha jijini Dar es Salaam, maji ya kwanza yapitayo katika mitaro ya barabara huwa meusi. Juu yake mara nyingi huonekana utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua. Wengi wauonapo utando huo hudhani kuwa ndio uchafu wote wa mafuta. Kumbe sehemu kubwa ya hidrokaboni zilizo nzito husafiri bila kuonekana, zikiwa zimeshikamana na chembe za vumbi na tope.

Hidrokaboni ni vitu vilivyoundwa kwa elementi mbili tu, yaani hidrojeni na kaboni. Zimo katika petroli, dizeli, mafuta ya injini na lami. Nyingine huzaliwa pale mafuta au kuni ziunguapo bila oksijeni ya kutosha, nazo hutoka pamoja na masizi. Gari lipitapo hudondosha mafuta, hutoa moshi, na matairi yake husagika kidogo kidogo. Wakati wa kiangazi masalio hayo hulundikana barabarani hadi mvua iyazoe.

Kwa nini hidrokaboni hizo hushikamana na chembe? Maji na mafuta hayapatani, na kadiri molekuli ya hidrokaboni inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyozidi kuwa vigumu kuyeyuka. Naftalini, yenye pete 2 za kaboni, huyeyuka kiasi cha miligramu 30 hivi katika lita moja ya maji. Benzopireni, yenye pete 5, haifikii hata miligramu 0.01. Kwa kuwa maji hayaipokei, hung'ang'ania masizi, vipande vya mpira na mboji iliyozifunika chembe za udongo. Benzopireni ni miongoni mwa vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Udogo wa chembe una maana kubwa. Mchemraba wa upande wa sentimita 1 una uso wenye eneo la sentimita 6 za mraba. Ukigawanywa kuwa michemraba ya upande wa milimeta 0.01, eneo lote hufikia sentimita 6,000 za mraba. Kwa hiyo gramu moja ya tope laini huweza kubeba uchafu mwingi kuliko gramu moja ya mchanga. Tena tope hilo huchelewa kutuama. Katika maji yaliyotulia, chembe ya mchanga yenye kipenyo cha milimeta 0.1 huzama meta 1 kwa dakika 2 hivi. Yenye kipenyo cha milimeta 0.01 huhitaji saa 3 hivi.

Mto Msimbazi, utokao katika vilima vya Pugu, hupokea maji ya mitaro mingi ya jiji kabla ya kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Penye mikoko mwendo wa maji hupungua na tope hutuama. Chini ya tope oksijeni ni haba, hivyo bakteria huzivunja hidrokaboni nzito polepole mno, na minyoo na kombe hula humo humo.

Majitaka nayo hufuata kanuni hiyo. Yakipumzishwa bwawani, chembe huzama na maji hutoka yakiwa safi zaidi. Lakini uchafu haukuangamia. Umehamia katika tope la chini. Tope hilo lisitiwe katika bustani za mboga kabla ya kupimwa. Ni afadhali zaidi kuzuia mwanzoni: mafuta machafu ya injini yakusanywe katika mapipa, yasimwagwe mtaroni, na barabara zifagiliwe kabla ya masika.

Wanafunzi waweza kuitazama kanuni hii darasani. Mchanga na udongo wa mfinyanzi vitiwe katika chupa ya maji, itikiswe, kisha muda uandikwe. Mchanga utazama mara moja. Maji yatabaki na ukungu kwa saa nyingi. Ukungu huo ndio mchukuzi wa mafuta yasiyoonekana.