Hewa ya Karatu na joto la valvu: hesabu ya feni

Chukua valvu ya 3-500Z, ambayo warusha mawimbi wa redio ya ridhaa wameitegemea kwa miaka mingi kwenye amplifaya zao. Ipe volti 2,700 na ampea 0.4, nayo imemeza wati 1,080. Kwa ufanisi wa asilimia 60, wati 648 zinakwenda kwenye antena, 432 zinabaki ndani kama joto. Filamenti, kwa volti 5 na ampea 14.5, inaongeza wati 72 na nusu hata kama umekaa kimya ukisikiliza tu. Jumla ni wati 505 hivi, na zote lazima zitolewe na hewa.

Tuseme hewa itoke ikiwa imepanda nyuzi 25. Dar es Salaam zitatosha lita 17 kwa sekunde. Karatu mjini, kwenye mita 1,500 hivi, hewa ni nyepesi zaidi na lita zinafika 20. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300, ni 22. Feni husukuma ujazo uleule popote uifungapo. Kwa hiyo feni iliyopandisha nyuzi 25 Dar itapandisha 30 Karatu na 33 ukingoni.

Ila baridi nayo ina hesabu yake. Ukingoni, usiku wa kipupwe wenye nyuzi 12, hewa itatoka na 45. Dar yenye nyuzi 30 itatoa 55. Karatu ya saa saba mchana, nyuzi 27, itatoa 57. Wa kuhofia, basi, ni mchana wa Karatu, tena wakati wa kiangazi, vumbi jekundu la barabara za Daa na Rhotia linapoganda kwenye chujio. Mkondo wa hewa ukipungua nusu, nyuzi 30 zinakuwa 60, na hewa inatoka na 87. Pini za valvu zina joto kubwa kuliko hewa hiyo: kioo kinapozishika hakitakiwi kuvuka nyuzi 200, na lehemu ya kawaida huanza kulegea karibu na 183. Pini ikiachia, valvu inaacha kufanya kazi.

Feni ya wati 20 kwa saa nne hula uniti 0.08, kwa Sh356 kwa uniti, hiyo ni chini ya Sh30. Saa moja kamili ya kurusha ni kama Sh385, kabla ya kuhesabu filamenti na kinachopotea kwenye transfoma. Valvu mpya ni zaidi ya dola 150, na inatoka nje ya nchi. Nunua feni kubwa kuliko unayohitaji na usafishe chujio kila wiki ya kiangazi.

Na umeme ukikatika ukiwa katikati ya kurusha, feni inasimama huku valvu bado ni ya moto. Feni ya volti 12 kwenye betri ya ampea-saa 7 huondoa tatizo hilo: dakika tano za kupooza hula wati-saa 1.7 kati ya 84.