Gari la Kikundi Likikataa Kuwaka

Katika kuwatembelea huko Molo, Njoro na Elburgon tunasikia kilio kimoja: pikapu imelala, viazi vinaoza, na fundi anasema, "Leteni betri mpya." Kikundi kimoja kilinunua betri kwa pesa za mkopo. Baada ya wiki gari likagoma tena. Kumbe shida ilikuwa waya uliolegea!

Basi kabla ya kufungua mfuko, fanyeni hivi:

1. Washeni taa kubwa, kisha mmoja ajaribu kuwasha gari. Taa zikififia sana, betri haina nguvu au ncha zake ni chafu. Taa zikibaki kali na gari lilie "ka!" tu, chunguzeni stata na waya zake.

2. Zimeni gari. Fungueni waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya. Sugueni ule unga mweupe kwa brashi na maji ya magadi, kausheni. Mkirudisha, anzeni na chanya, mkaze sawasawa.

3. Gari likiwaka, pimeni betri kwa mita. Volti 13.8 hadi 14.4 maana yake inachajiwa. Ikibaki 12, angalieni mkanda wa altaneta kabla ya kulaumu betri.

Hadhari: betri hutoa hewa inayolipuka, kwa hivyo sigara na kibiriti vikae mbali. Asidi ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi na mwende hospitali mara moja.

Mwisho, wekeni kitabu cha gari. Mweka hazina asitoe pesa kabla hakijasomwa. Mali ya wote isiyo na mwangalizi hugeuka kuwa shamba la fundi.