"Warn": Kuonya au Kutahadharisha?

Leo tutazame kitenzi cha Kiingereza "warn". Wafasiri wengi hukiandika "onya" kila mahali. Kumbe kinabeba mambo mawili. Mwalimu akimwambia mwanafunzi mtoro kwamba akirudia atafukuzwa, amemwonya: kosa limekwisha tendeka. Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua kubwa, wakazi wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, waliokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011, hawaambiwi kosa, wanaambiwa hatari. Hao hutahadharishwa. Wakisikia "wameonywa", huenda wakadhani wanakaripiwa kwa kujenga bondeni, wakabishana na serikali badala ya kuwahamisha watoto mapema. Basi, penye kosa tuonye. Penye hatari tutahadharishe.