Flashi Inapotambuliwa na Kompyuta Lakini Haionekani

Kompyuta ikilia kuashiria kuwa imeitambua flashi, lakini flashi isionekane, usiharakishe kuitupa wala kuifomati. Mara nyingi mafaili bado yamo. Huenda kilichokosekana ni herufi, kama E au F, ambayo Windows huipa diski.

Tunashauri ufuate hatua hizi:

1. Ichomeke kwenye tundu jingine la USB, kisha kwenye kompyuta nyingine.
2. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, uchague Disk Management. Flashi ikiwamo bila herufi, ipe herufi isiyotumika.
3. Ikiandikwa RAW, au ukitakiwa kuifomati, kataa. Mpangilio wa mafaili umeharibika, na kufomati huzidisha ugumu wa kuyaokoa. Mwone fundi kwanza, mkubaliane bei kwa maandishi kabla hajaanza kazi.
4. Ikiandikwa No Media, kwa kawaida kifaa chenyewe kimeharibika. Kama dhamana haijaisha, kirudishe dukani pamoja na risiti.

Tunakukumbusha kwamba dhamana huweza kukupatia flashi mpya, lakini hairejeshi mafaili yaliyopotea. Kwa hiyo, kazi yenye thamani usiihifadhi mahali pamoja tu.