Mkono wa mtu aliyewindwa

Neno «kasha» kwa Kiswahili maana yake ni sanduku, na sisi tunaokaa hapa Kasha, katika Bukavu, tumezoea kuchekwa na wageni kwa ajili ya jina hilo. Leo tunataka kueleza habari za masanduku mengine: yale ya arshivu, ambamo serikali huweka karatasi za watu iliowawinda.

Tutwae mfano wa Dedan Kimathi. Alizaliwa mwaka 1920 karibu na Nyeri, katika Kenya. Alifundisha shule kwa muda mfupi, akafanya na kazi ya ukarani. Serikali ya Waingereza ilipotangaza hali ya hatari, tarehe 20 Oktoba 1952, yeye aliingia msitu wa Nyandarua, akawa mkubwa wa wapiganaji wa Mau Mau. Fedha ziliahidiwa kwa atakayesaidia kumkamata. Lakini mtu huyu wa msituni alipenda kalamu kuliko makarani wengi wa mjini. Aliandika barua, akataka mambo ya mikutano yaandikwe katika daftari. Askari walipovamia kambi za msituni waliziokota karatasi, wakazitafsiri, wakazifungia. Hivi adui zake ndio waliotunza mkono wake!

Basi mtunza arshivu anatambuaje kama mkono ni wa mtu fulani? Haangalii jina la chini tu, maana jina moja ni rahisi kuiga. Anatazama jinsi herufi zinavyoungana, mahali kalamu ilipokazwa, namna ya karatasi. Tena anauliza ilitoka kwa nani, ikapita mikononi mwa nani. Kisha anailinganisha na maandiko mengine yasiyo na shaka. Nakala iliyopigwa kwa mashini haimsaidii sana.

Na jina lenyewe linasema neno. Katika barua za msituni Kimathi alijipa vyeo: Field Marshal, na hata waziri mkuu. Machoni pa serikali alikuwa mhalifu; kwa sahihi yake alijibu kwamba yeye naye ni serikali.

Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri kwa kosa la kuwa na bastola, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Jamaa zake hawakuonyeshwa kaburi. Faili ya hukumu ilidhaniwa kwa miaka mingi kuwa imepotea. Julie MacArthur aliitoa katika kitabu mwaka 2017.

Barua inayotugusa sisi zaidi ni ile ya usiku wa mwisho, aliyomwandikia Padri Marino wa misioni katoliki ya Nyeri. Yasema aliishika penseli yapata saa saba ya usiku. Anashukuru, anajitayarisha kwenda mbinguni, anaomba mwanawe asomeshwe na mama yake mzee asisahauliwe. Mke wake naye alikuwa kifungoni. Wengine wataona vigumu kuamini kwamba simba wa Nyandarua aliandika maneno ya upole namna hii. Sisi hatuoni ajabu: padri aliyepata kukaa na mtu anayengoja kifo anajua.

Chini ya barua hiyo hakuna Field Marshal wala waziri mkuu. Anajiita mwongofu anayeondoka, kisha jina kwa ufupi: D. Kimathi.