Mtoto Aliyezama Ataka Pumzi Kwanza

Tangu miaka ya 1920 watu huchimba dhahabu katika mbuga za Lupa, wilayani Chunya, na miaka ya 1930 wachimbaji walifika kwa maelfu. Dhahabu ikiisha, mtu huenda zake, shimo lake hubaki. Mvua zinyeshapo hujaa maji, na watoto huliona kuwa mahali pazuri pa kuogelea.

Mtoto akizama hupatwa na nini? Kwanza huzuia pumzi. Hawezi kuita, maana mdomo umo majini. Akishindwa huvuta maji, na koo lake hujibana. Pengine maji yaingiayo mapafuni ni machache tu. Kinachomwua ni kukosa oksijeni, yaani ile hewa ambayo damu huichukua mapafuni na kuipeleka ubongoni na moyoni. Punde huzimia. Moyo hupiga kitambo kidogo, kisha husimama. Zikipita dakika 4 hadi 6 bila hewa, ubongo huanza kuharibika.

Basi, hapa wengi hukosea. Humning'iniza mtoto kichwa chini, au humkandamiza tumbo atapike. Matapishi hayo yaweza kuingia mapafuni, na zile dakika chache zimekwisha kupotea.

Wewe fanya hivi. Kama hujui kuogelea usijitupe majini. Mtupie kamba au mnyoshee mti mrefu. Akitolewa, mlaze chali, tazama kama anapumua, na mtu mmoja akimbie kuita msaada. Kama hapumui, inua kidevu chake, bana pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, umpulizie mara 5, kifua kikiinuka kila mara. Mtoto mchanga, funika mdomo na pua pamoja.

Asipozinduka, kandamiza kwa nguvu katikati ya kifua mara 30, upesi upesi, kisha pumzi 2. Rudia hivyo bila kukoma mpaka apumue au msaada ufike.

Akipumua, mlaze kwa ubavu, mfunike nguo kavu, mpeleke hospitali hata akisema hajambo, kwani mapafu yaweza kumsumbua saa chache baadaye.

Lakini iliyo bora ni kuzuia. Kabla ya mvua, wanaume wa kijiji na washike majembe: shimo lisilo na kazi lifukiwe, na lisilofukika lizungushiwe boma la miiba.